Redio Haina Jana

Ukimtuma kaka yangu dukani, hatoki mlangoni kabla hajakurudishia maneno yako. "Sabuni mche mmoja, kiberiti, chumvi pakiti mbili. Ndivyo?" Usipomjibu "ndivyo," haendi. Marehemu mama alikuwa akimfukuza, "Nenda, we baba, duka litafungwa," naye amesimama pale pale, mkono kwenye kitasa, anasubiri. Mtu mzima, mvi kichwani, amezuiwa na kiberiti! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wanangu walimbatiza jina la Mjomba Roja, kwa lile neno wanalosema watu wa redio wakishaelewana, na mtaa mzima ukalidaka.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba cha redio cha shirika la umeme, nyuma ya stoo ya nyaya, chumba chenye dirisha moja la nondo na feni iliyopungukiwa bawa. Mezani palikuwa na redio ya upepo, ile ya kubonyeza ukisema na kuachia ukisikiliza, na simu nyeusi ya kuzungusha namba kwa kidole. Ukutani palikuwa na ramani ya laini zote, kila laini na msumari wake, na pembeni swichi za kuzizima na kuziwasha.

Fundi akitaka kupanda nguzo, laini lazima izimwe. Mkuu wa kikosi anaita kwenye redio, kaka anazima, kisha anatundika kwenye msumari kibao chekundu chenye jina la huyo aliyeita. Kibao kikishatundikwa hakuna wa kukitoa, hata mkurugenzi aje na suti tatu mwilini. Kinatoka kwa sauti moja tu, ya yule yule aliyekiomba. Aite mwenyewe, ataje idadi ya watu wake, aseme wote wako chini. Kaka naye anamrudishia: "Umesema watu wanne, wote chini, niwashe laini ya bondeni. Ndivyo?" Fundi akisema ndivyo, umeme unarudi. Asiposema, watu wa laini ile watakaa gizani, na wakitaka waje wamtukane mlangoni. Na walikuja. Mwenye mashine ya kusaga alimwita kila jina isipokuwa la kwake. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekupata," akarudi kwenye kiti.

Katika miaka hiyo yote hakuna fundi aliyeguswa na umeme kwa mkono wake. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani. Hakujenga nyumba ya maana, mke alimkimbia mapema, gari hakuwahi kuwa nalo. Alikuwa na hilo tu, na mafundi wote walilijua na walimheshimu kwa hilo.

Mume wangu nilimpata kwenye redio hiyo hiyo. Nilikuwa nampelekea kaka chakula cha mchana, na siku moja nilicheka kwa sauti wakati amebonyeza. Sauti nzito ikauliza kutoka huko porini, "Chumba cha redio, huyo anayecheka ni nani, ova?" Kaka akajibu, "Ni dada yangu. Sema kilichokupandisha nguzo, ova." Magari manane yakasikia. Mwezi mzima kila kikosi kilikuwa kikiomba laini izimwe na kumsalimia dada. Redio ni sebule. Ukikohoa, wageni wote wanakupa pole. Ndoa yangu ilipangwa mbele ya mafundi thelathini, na sikuwahi kuijutia hata siku moja.

Mwaka juzi akaja meneja mpya, kijana nadhifu, viatu vinang'aa kiasi cha kujitazamia. Si mtu mbaya. Nimejaribu sana kumchukia nikashindwa, kwa sababu aliyoyasema siku ile yalikuwa kweli. Aliwaita wote kwenye ukumbi, akachora mstari katikati ya ubao. Kushoto redio, kulia simu za mkononi na ujumbe. Kwenye redio, alisema, mmoja akisema wengine wote wanangoja. Haina picha, betri yake nzito kama tofali, mvua ikinyesha inakoroma, na likishasemwa neno limepotea. Kwenye grupu la simu watu ishirini wanaandika kwa pamoja, unatuma picha, unaona mtu yuko wapi, unaona nani amesoma na nani bado, na kila neno linatunzwa. "Hata baada ya miaka kumi," alisema, "utalikuta pale pale."

Kaka akanyoosha mkono. "Hapo kwenye kutunza ndipo penye shida," alisema, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Redio haina jana. Nikisikia sauti, mtu yuko pale, sasa hivi, anapumua. Ujumbe anaweza kuuandika asubuhi ukanifikia mchana. Mimi nitajuaje kama bado yuko pale alipoandikia?"

"Mzee wangu," meneja alimjibu kwa adabu, "saa imeandikwa pembeni ya kila ujumbe."

Wakapiga makofi. Saa iliyoandikwa pembeni, tulikuja kujua baadaye, ilikuwa ya ujumbe kufika. Ya kuandikwa haikuonekana popote.

Redio zikakusanywa kwenye magunia, grupu likaanza. Asubuhi maua na "amkeni salama," mchana video ya mbuzi anayecheza, jioni sala ndefu isiyo na nukta, na katikati ya hayo yote mtu anaomba laini ya sokoni izimwe. Kaka alinunua miwani mpya ili apate kusoma. Lakini nisimsingizie, hakuwa mkaidi wa kupinga kila kitu. Picha alizipenda. "Zamani," aliniambia, "fundi alikuwa anakula dakika kumi kunieleza kikombe kilichopasuka, kile cha kauri kinachoshika waya juu ya nguzo, na bado nampelekea kisichofaa. Siku hizi anakipiga picha, ananitumia, namaliza." Hata simu nyeusi ya mezani aliizungumzia bila huruma: ilikuwa inaita, unakimbia, unafika imekata, na hujui nani alikuwa anakutafuta.

Kwenye vibao vyekundu tu ndipo alipogoma. Kila mkuu wa kikosi akiandika "tayari," kaka alimpigia simu asikie sauti yake. "Umeandika watu wanne, wote chini. Ndivyo?" Mafundi wakachoka. Fikiria uko juani, mikono ina grisi, mtandao unapatikana ukisimama juu ya boneti, na kuna mtu anakupigia kuuliza ulichokwisha kumwandikia.

Mume wangu ndiye aliyechoka kuliko wote, na ndiye aliyempenda kuliko wote. Walikuwa wakibishania mezani kwangu kila Jumapili.

"Shemeji, nikikuandikia nimeshiba, utanipasua tumbo uangalie?"

"Ukiwa umeshika waya, nitakupasua."

"Mambo ya redio yamekwisha, shemeji. Utabaki peke yako."

"Nibaki. Wewe shuka salama tu, mimi nitabaki."

Tulicheka, nikawaongezea chai.

Halafu wakuu wa vikosi wakaandika karatasi kwa meneja, wakaomba kaka azuiwe kupiga simu, kwamba anawachelewesha na kuwadharau kama watoto. Waliisaini wote. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya mume wangu. Aliipiga picha akanionyesha kwenye simu yake, tumelala kitandani, anacheka. "Atanuna wiki moja," alisema. "Ya pili atakuja kudai chai yake." Asubuhi yake akaweka kwenye grupu kikatuni cha mzee aliyekumbatia simu ya mezani kama mke. Watu arobaini wakacheka kwa vile vikaragosi vya machozi.

Barua ya meneja ilifuata: ujumbe unatosha, ni marufuku kuwapigia mafundi walioko kazini, ukirudia utachukuliwa hatua. Kaka aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati. Jioni alipita kwangu, mume wangu hayupo. Alikaa, akaniuliza swali moja.

"Na yeye alitia sahihi?"

"Ndiyo, kaka."

"Ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, akamaliza chai, akaondoka bila kutania mtu. Tangu siku hiyo hakumpigia fundi yeyote. Barua ingeweza kumkasirisha tu, na hasira zake nilizijua, zinapita. Kilichomvunja ni kuchekwa na mtu aliyekuwa akimlinda.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekata nyaya bondeni. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na dereva wa kikosi, mara nyingi, kwa sababu hana mwingine wa kumsimulia na mimi siwezi kumkatalia.

Walimaliza. Mume wangu akaamuru zitolewe zile nyaya zinazofunga laini na ardhi, ambazo ndizo kinga ya aliye juu. Akachukua simu akaandika: "Tumemaliza. Watu wanne, wote chini. Washa." Bondeni hakuna mtandao. Ujumbe ukakwama, na kile kialama cha saa kikabaki hapo chini kuonyesha kwamba haujatoka. Alipoinua macho akaona kikombe kimepasuka kwenye nguzo ya pili. Angeweza kukiacha kwa kesho. Lakini mume wangu hakuwa mtu wa kuacha kazi yenye kilema. Ujumbe haujakwenda, alisema, kwa hiyo laini bado imezimwa. Ni kazi ya dakika tano, tutaandika upya tukimaliza. Kuzifunga tena zile nyaya za kinga kungechukua nusu saa. Hakuzifunga. Akampa dereva simu aiweke chaji garini, akamwambia apande barabara ya mlimani hadi kwenye gari la vifaa vya akiba akalete kikombe kingine. Akavaa mkanda, akapanda.

Gari lilipofika juu ya mlima likakuta mtandao. Simu iko kwenye kiti, hakuna aliyeigusa. Ujumbe ukaondoka wenyewe.

Sauti haiwezi kupanda mlima ikamwacha mwenyewe juu ya nguzo. Ningeitoa roho yangu neno hilo lisemwe siku ile ukumbini, lakini nani angelijua?

Kaka akauona: jina la shemeji yake, picha yake anayotabasamu, watu wanne, wote chini. Aliniambia alichukua simu, akaitafuta namba, kidole kikawa juu yake. Akaikumbuka barua. Akakumbuka na kile kikatuni. Akaandika "Nimepata, nawasha." Tiki ya pili ikatokea, maana yake ujumbe umefika kwenye simu ya mwenyewe. Na ulifika kweli, kwenye kiti cha gari. Akatoa kibao msumarini, akawasha.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Simu yangu ikalia. Mke wa fundi mmoja, tusiyezoeana, ameniandikia: "Pole sana dada, Mungu akutie nguvu," na nyuso tatu zinazolia. Nikamwandikia, "Pole ya nini?" Nikaona amesoma. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nilikaa naangalia kioo kile mpaka kikazima, nikakigusa kikawaka, bado hajajibu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwamba mume wangu amekufa. Kaka alifika robo saa baadaye, amekuja kwa miguu akikimbia, mtu wa miaka hamsini na tisa, na hakuhitaji kusema kitu.

Msibani alikaa nje ya uzio, kwenye tofali, siku zote tatu. Hakuna aliyempelekea maji. Niliona kwamba hakuna aliyempelekea maji, na mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba.

Kamati ya shirika ilikaa baada ya wiki tatu: watu watatu nyuma ya meza, meneja pembeni, kaka kwenye kiti cha katikati. Nami niliitwa kama mjane. Simu ya mume wangu ilikuwa kwenye mkoba, mapajani mwangu, na ile picha ya karatasi ya malalamiko ndani yake.

"Kwa nini hukupiga simu kuhakikisha?" mwenyekiti alimuuliza kaka.

"Nilipaswa kupiga. Sikupiga."

"Kuna mtu alikukataza?"

Meneja alikuwa anaangalia kalamu yake. Nakala ya barua haikuwa kwenye faili. Siku hizo faili lilikuwa limekonda ghafla. Lakini barua yenyewe kaka alikuwa nayo. Niliiona kona yake kwenye mfuko wa shati.

"Hapana," kaka alisema. "Hakuna."

Mwenyekiti akanigeukia, sauti laini. "Mama, pole tena. Marehemu aliwahi kulalamika nyumbani kuhusu taratibu hizi za kuhakikisha? Kuna chochote unachokijua?"

Kaka alinitazama, akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Nilimwelewa. Barua ikitoka, lazima ijulikane imetokana na nini. Karatasi ikitoka, sahihi ya kwanza ni ya marehemu. Wangeandika kwamba mtu huyu aliomba mwenyewe kinga yake iondolewe, na nyaya za ardhi akazitoa mwenyewe. Wanangu wangekua na hilo. Kaka alikuwa ananipa jina la mume wangu likiwa safi, na bei yake ilikuwa jina lake yeye.

"Hapana," nikasema. "Sijui chochote."

Nilimsikia meneja akishusha pumzi.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilinyamaza kwa ajili ya watoto. Ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka awepo mtu wa kumchukia, na mkono uliowasha swichi ulikuwa wake. Mume wangu nisingeweza kumchukia, amelala udongoni. Kaka alikuwa karibu, na alikuwa amejitoa mwenyewe.

Alifukuzwa kazi ikiwa imebaki miezi saba astaafu. Tangazo liliwekwa kwenye grupu na picha yake, "amebainika kuwa mzembe," kisha wakamtoa kwenye grupu. Mafundi aliowashusha salama miaka thelathini na moja wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Mwenye mashine ya kusaga akasema yeye alishaliona zamani.

Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Hakumwita tena mjomba. Alimwita "huyo." Siku ya Jumapili moja kaka alikuja, baada ya miezi mitano bila kukanyaga kwangu. Binti akafungua, akamwona, akasema, "Unayemtafuta ulishamuua," akafunga. Nilisikia kila kitu. Nilikuwa jikoni, kisu mkononi, kitunguu mbele yangu. Nilisikia jinsi alivyosimama nje muda mrefu, kisha viatu vyake kwenye kokoto. Sikutoka.

Mwaka ulipotimia binti akataka picha nzuri ya baba yake kwa ajili ya fremu. Akaomba simu ya marehemu, nami nikampa, kwa sababu nilikuwa na mafua na kichwa kizito, na kwa sababu mtu hawezi kulinda kitu kila dakika. Alikuja jikoni ameishika mbele.

"Mama, hii ni sahihi ya baba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Mjomba alikatazwa kupiga simu. Na baba ndiye aliyeomba akatazwe."

"Yeye na wenzake."

"Wewe ulijua lini? Baada ya kamati?"

"Kabla."

"Kabla ya kamati?"

"Kabla baba yako hajafa."

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakulia, na nilitamani alie. Aliniuliza kama mjomba wake anajua kwamba mimi ninajua, nikamwambia anajua, yeye ndiye aliyenionyesha kwa kichwa ninyamaze.

"Na siku ile nilipomfungia mlango, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Aliiweka simu juu ya meza taratibu. Akaingia chumbani, akatoka na nguo zake kwenye mfuko na viatu mguuni. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilimwona dirishani akipita kwa fundi cherehani, kisha akakata kona.

Huu ni mwezi wa tatu analala kwa mjomba wake. Jirani ananiambia anampikia, na kwamba jioni wanakaa nje wawili, na juzi kaka alisikika akicheka. Wadogo zake nao wameanza kwenda Jumapili. Wanarudi wameshiba, hawanisimulii kitu.

Kutoka kwangu mpaka kwake ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Sijakwenda.